Santuri Zisizo na Makofi: Morogoro na Muziki wa Ukumbini

Wapenzi wa muziki wana kipimo chao cha kuitambua albamu iliyorekodiwa laivu: wanasikiliza kama ina makofi. James Brown alirekodiwa katika ukumbi wa Apollo, New York, Oktoba 1962, na santuri iliyotoka mwaka uliofuata ikawa mfano wa kuigwa, kwa kuwa vifijo vya waliohudhuria vimo ndani yake kama ala mojawapo. Miaka ya 1970 vikundi vya Ulaya vilivyokuwa vikibishana na makampuni makubwa ya muziki, kama Samla Mammas Manna cha Uppsala, Sweden, viliipa kazi ya jukwaani heshima nyingine. Kwao jukwaa lilikuwa mahali pa kubuni papo kwa papo, pa kuthubutu na hata kuteleza mbele ya watu. Ukiichukua Morogoro kwa kipimo hicho cha makofi, utaiacha nje ya historia. Bendi zake mbili kuu, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe, zimeacha nyimbo zinazopigwa hadi leo katika vipindi vya zilipendwa, lakini kwa kawaida wimbo ukiisha kinafuata kimya. Haupigwi mluzi, hailii chupa, hakuna anayeomba urudiwe. Nadai kwamba kimya hicho kinatupotosha. Rekodi za Morogoro za miaka ya 1950 hadi 1970 ni muziki wa ukumbini ulioingizwa studio kwa muda mfupi kisha ukarudi ukumbini. Anayezisikiliza kama kazi za studio atazikuta na kasoro nyingi, na anayezisikiliza kama kumbukumbu za dansi ataelewa kwa nini mji mdogo chini ya mlima uliitikisa nchi nzima.

Tuanze na mji wenyewe. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro 1907 na kumalizikia Kigoma 1914. Barabara za kutoka pwani, Dodoma na Nyanda za Juu Kusini nazo zikaja kukutana hapo hapo. Kwenye tambarare za Ngerengere, Kimamba na Kilosa yalienea mashamba ya mkonge, zao lililokuja kuwa tegemeo la Tanganyika kwa fedha za kigeni, na mashamba hayo yaliendeshwa kwa nguvu za manamba kutoka Songea, Kigoma, nyanda za kusini na hata Msumbiji. Juu ya mji ipo safu ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Kutoka huko wakulima waliteremsha ndizi, matunda na mboga za Mgeta, na pamoja na mazao waliteremka vijana, kwa sababu ardhi ya milimani ilikuwa imebana. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na upinzani wao ulilipuka Matombo mwaka 1955. Mkulima wa mlimani, kibarua wa mkonge, karani wa reli, mwenye duka wa Kihindi au Kiarabu, na abiria anayelala usiku mmoja kungoja usafiri wa kesho, wote walikutana mjini. Baadhi yao walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na wengi hawakuwa na ndugu wa karibu wa kuwashikilia usiku wa Jumamosi. Mji wa namna hiyo una njaa ya mahali pa kukutania, na lugha ya kukutania ilikuwa Kiswahili.

Mahali hapo hapakuanza na gitaa. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na utamaduni wao ulimpa mwali nafasi kubwa: msichana aliwekwa ndani, akafundwa, na siku ya kutolewa kwake ilikuwa siku ya ngoma. Katika ngoma ya namna hiyo, urefu wa wimbo hupangwa na wachezaji. Mwimbishaji huutupa mstari, kundi huitikia, mpiga ngoma hutazama miguu ya wanaocheza na kujua kama akaze au alegeze. Kwa upande wa pwani, tangu miaka ya 1890 ilikuwepo beni, iliyozaliwa Lamu na Mombasa kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, kisha ikapanda bara pamoja na askari, makarani na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa 1975, alionyesha jinsi vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo, sare, michango na upinzani mkali wa kuonyeshana nani zaidi. Mambo mawili ya urithi huo yaliingia moja kwa moja katika dansi: kwamba kikundi cha muziki ni chama chenye wanachama na wapenzi wake, na kwamba hakiwezi kunawiri bila mpinzani wa kushindana naye mji huo huo.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ikiendelea. Miaka minne baadaye kijana mzaliwa wa mji huo, Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi wake walimwita kwa herufi za mwanzo za majina yake, SAY, aliunda kikundi alichokiita La Paloma, kikageuka kuwa Cuban Marimba. Majina hayo yanaeleza chanzo kimoja cha muziki wao. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika mfululizo wa santuri zilizoanza na herufi GV, nyingi zikiwa za son na rumba za Kyuba. Zilifika katika maduka ya miji ya reli pamoja na gramafoni za kupigwa kwa mkono. Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi la kwanza, tena lenye uzito. Kama dansi la Morogoro lilifundishwa na santuri, tunawezaje kusema lilikuwa sanaa ya jukwaani? Je, si kweli kwamba sahani ilitangulia na ukumbi ukafuata?

Ni kweli kwamba sahani ilitangulia. Lakini tuangalie ilifanywa nini ilipofika. Santuri ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu na ushee kila upande, na maneno yake yalikuwa ya Kihispania, lugha ambayo wachezaji wa Morogoro hawakuielewa. Mwanamuziki aliyeisikia alibaki na mdundo, mpangilio wa sauti na mtindo wa tarumbeta au gitaa. Maneno ilibidi ayatunge mwenyewe, na urefu ilibidi aubuni, kwa kuwa watu waliolipa kiingilio hawakuja kusimama kila baada ya dakika tatu. Yaani santuri ilitoa mbegu, na yaliyobaki yalifanywa na usiku mrefu wa dansi: beti za Kiswahili zenye mizani inayotambulika na yeyote aliyekulia katika mashairi na ngoma, kiitikio cha kuitikiwa na ukumbi mzima, majina ya watu na mitaa, mafumbo ya kumsuta hasimu. Salum Abdallah aliimba mapenzi, aliimba uhuru, aliimba wanawake wa Tanzania. Mmoja wa nyimbo zake unaitwa Ngoma Iko Huku, na mwito huo una maana kamili pale tu panapokuwa na ngoma nyingine upande wa pili wa mji inayogombea wachezaji wale wale. Kyuba haikuwa na habari na ugomvi huo.

Upinzani huo ulikuwa na msingi wa kiuchumi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda bendi yake Dar es Salaam na kuwalipa wanamuziki mshahara, na baada yake zikafuata bendi za polisi, jeshi na mashirika ya umma. Bendi za Morogoro hazikuwa na mlezi wa aina hiyo. Zilikuwa klabu na mali za watu, na anayemiliki vyombo ndiye aliyeimiliki bendi. Mapato yao yalitegemea mlango: watu wakija, bendi inakula, wasipokuja, gitaa linarudi sandukuni. Katika hali hiyo kipimo cha wimbo kinakuwa sakafu, na wimbo usiojaza sakafu haukai kwenye orodha. Ndiyo maana bendi zilijitangaza kwa mitindo. Mtindo ni jina la mdundo na la namna ya kuucheza, kwa hiyo ukijua mtindo wa bendi unajua ufike na miguu ipi. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alikuja na mtindo mpya, Masika, kwa sababu bendi mpya isiyo na namna yake ya kuchezwa ingeonekana ni tawi tu la ile ya zamani. Inafaa pia kukumbuka kwamba Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Cuban Marimba haikufa naye. Juma Kilaza aliiongoza na kuipa uhai mwingine. Chama chenye vyombo, wapenzi na sakafu yake kinaweza kumzika kiongozi na kuendelea.

Ushahidi mkubwa zaidi umo ndani ya nyimbo zenyewe. Wimbo wa dansi uliokomaa una sehemu mbili. Ya kwanza hutembea pole: mwimbaji anasimulia kisa, anashauri au analalamika, na magitaa yanamwachia nafasi. Kisha ala zinabadilisha mwendo, maneno yanapungua au yanageuka kiitikio kifupi, gitaa la solo linatoka mbele, vipulizo vinajibu, tumba zinakaza. Hilo ndilo chemko. Ukumbini chemko halina urefu maalumu, kwa sababu mpiga solo anatazama sakafu kama mpiga ngoma alivyomtazama mwali na mashoga zake. Umbo hili halikuwa la Morogoro peke yake. Lilishirikiwa na Tabora, Tanga, Dar es Salaam na Kongo. Lakini Morogoro ilimtoa Mbaraka, mpiga solo ambaye jina lake la heshima lilikuwa Soloist National, na heshima hiyo ilipatikana kwenye sehemu ya pili ya wimbo, ile isiyoandikika. Sasa tazama kilichotokea umbo hilo lilipokutana na sahani ndogo ya mizunguko 45. Nyimbo nyingi za Afrika Mashariki na Kongo za miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na kati yake msikilizaji anainuka kwenda kugeuza sahani. Msanii anayetunga kwa ajili ya santuri hatungi wimbo wa kukatwa katikati. Wimbo ulikuwa umeshapata mwili wake kabla ya kupelekwa kiwandani.

Safari ya kwenda kurekodi nayo inasema mengi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Salum Abdallah alirekodi na lebo ya Mzuri ya kampuni ya Assanand & Sons ya Mombasa, na kizazi cha Mbaraka kilitegemea makampuni ya Nairobi. Ndani ya nchi mlango ulikuwa redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa shirika la utangazaji la Tanganyika 1956, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, idara ya serikali. Bendi ziliitwa studio, zikapangwa mbele ya maikrofoni chache, na wimbo ukachukuliwa kwenye utepe bendi nzima ikipiga kwa pamoja, toka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kumwita mpiga besi arudie sehemu yake kesho, wala kumwongezea mwimbaji sauti ya pili juu ya ile ya kwanza. Mpuliza saksafoni akikosea, ama wote wanaanza upya, ama kosa linabaki. Ukizisikiliza tepu hizo kwa makini unasikia watu wakisubiriana, wakiitana na kufukuzana, jambo ambalo watu wanaorekodiwa mmoja mmoja hawawezi kulifanya. Walilijua kwa sababu walikuwa wakilifanya kila wiki.

Pingamizi la pili linasimama hapa. Kupiga kwa mkupuo mmoja si sawa na kupiga mbele ya watu. Studio ya redio ilikuwa chumba kilichofungwa, saa ikitazamwa ukutani, na kabla ya kurekodi maneno ya wimbo yalipitiwa na watu wa redio kuona kama yanafaa kutangazwa. Pingamizi hili ni sahihi na linapunguza dai langu, ila haliliondoi. Kilichopotea studio kinaweza kutajwa: urefu wa chemko, mafumbo makali ambayo bendi haikuthubutu kuyapeleka mbele ya wakaguzi, salamu kwa matajiri waliokuja mbele kutunza, na zaidi ya yote sauti ya waliocheza. Kilichobaki nacho kinaweza kutajwa: mwendo uliopimwa kwa miguu, mpangilio uliosuguliwa kwa kurudiwa mbele ya watu, na mazungumzo ya ala. Ni sahihi kusema kwamba tepu ya RTD ni dondoo ya dansi. Dondoo si kitabu kizima, lakini mhakiki anayejua kazi yake hasemi kwamba dondoo ilitungwa kivyake. Ana wajibu wa kuuliza ilitolewa wapi, nani aliikata, na kwa nini alikata pale.

Pingamizi la tatu linamhusu Mbaraka mwenyewe, na ndilo gumu zaidi. Alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na sifa yake ilivuka mipaka kwa nguvu za santuri. Wimbo Shida, uliotolewa Nairobi, uliuzwa sana Kenya, na waliomjua kwa wimbo huo bila kumwona jukwaani ni wengi kuliko wote waliowahi kulipa kiingilio Morogoro. Baada ya kifo chake Polygram ya Kenya ilitoa nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Je, huyu si msanii wa rekodi? Kwa upande wa soko, ndiye. Lakini tukifuatilia jinsi alivyofika sokoni, ukumbi unarudi. Mwaka 1970 Tanzania ilipohitaji bendi ya kuiwakilisha katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, ilipelekwa Morogoro Jazz, bendi ya mkoani, licha ya Dar es Salaam kujaa bendi za taasisi zenye vyombo vizuri. Huko kinachohitajika ni kushika jukwaa mbele ya wageni wasiojua lugha yako, na hilo halifanywi na sahani. Vivyo hivyo nyimbo zake za matukio ya nchi, kama ule wa Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya 1971, ziliifanya bendi kuwa kama gazeti linalosomwa kwa sauti mbele ya umati. Mbaraka aliishi kwa kusafiri na bendi, na mauti yakamkuta Mombasa, Januari 1979, katika ajali ya gari. Santuri ilimpelekea jina mbele, lakini mkate aliufuata kwa gari, mji kwa mji.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba yote haya ni kuusifu ufukara. Bendi zilipiga kwa mkupuo mmoja kwa sababu hapakuwa na mashine za kufanya vinginevyo, na zilikesha ukumbini kwa sababu hapakuwa na mrabaha wa kuziwezesha kulala. Vikundi vya Ulaya nilivyovitaja vilichagua jukwaa, na Morogoro haikuulizwa. Nakubali, na sitaki kuupamba unyonge. Malipo ya redio kwa wanamuziki yalikuwa madogo, sheria ya hakimiliki ya 1966 haikuwa na meno, na ilibidi kungoja hadi 1999 ipatikane nyingine, iliyofuatiwa na chombo cha kuisimamia, COSOTA. Hata hivyo lazima tutenganishe mambo mawili. Ukosefu wa mitambo unaeleza kwa nini rekodi zina sauti hafifu na kwa nini ni chache kuliko inavyostahili. Hauelezi kwa nini wimbo una chemko, kwa nini bendi ina mtindo, wala kwa nini mpiga solo wa Morogoro anaingia na kutoka kwa kumsikiliza mwenzake. Hayo yalitokana na mahitaji ya sakafu. Umaskini ulipunguza idadi ya dondoo tulizonazo, lakini haukuandika kitabu.

Siasa nayo ilikuwa na mkono wake katika kupunguza dondoo hizo. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua rumba, chachacha na twist kuliko ngoma za wazee wao, na akatangaza wizara mpya ya utamaduni. Ilikuwa hoja ya haki dhidi ya dharau ya kikoloni. Lakini iliiacha dansi njia panda: haikuwa ngoma ya jadi ya kuhifadhiwa, wala haikuwa ya kigeni ya kufukuzwa. Ilitumiwa sana kueneza siasa ya ujamaa, ila utafiti wa utamaduni ulielekezwa zaidi kwenye ngoma za makabila. Mpango wa kuipa nchi tasnia yake ya santuri kupitia Kampuni ya Filamu Tanzania haukufikia matarajio. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Bendi zilizokuwa zikitegemea viwanda vya Nairobi zikakatiwa njia. Ikawa kwamba katika miaka ambayo kwingineko duniani gari la kurekodia lilipelekwa hadi mlangoni mwa ukumbi, Tanzania utepe ulibaki mmoja, wa serikali, Dar es Salaam.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, sababu ya kutokuwepo makofi inaonekana. Makofi yalikuwepo Morogoro kila mwisho wa wiki, lakini aliyekuwa na mashine ya kurekodi hakuja ukumbini, na aliyekuja ukumbini hakuwa na mashine. Hili si jambo la kulaumu enzi zilizopita peke yake. Hata leo kazi ya kuokoa urithi huo inafanywa kana kwamba urithi ni utepe tu. Lebo ya Dizim ya Ujerumani imetoa tena nyimbo za Salum Abdallah na Mbaraka katika diski, na zimekuwapo juhudi za kuzihamishia tepu za RTD kwenye kompyuta. Ni kazi njema, kwa kuwa utepe unaoza na unyevu wa Dar es Salaam hauna huruma. Lakini utepe uliosafishwa bila maelezo ya ukumbi unatupa jibu lisilo na swali lake. Hatujui chemko lilidumu muda gani siku ya mshahara, kibao gani kiliwatoa wazee vitini, fumbo gani la upande mmoja lilijibiwa na upande wa pili wiki iliyofuata.

Maswali hayo yana mashahidi, na mashahidi wenyewe wamezeeka. Kijana wa miaka ishirini aliyecheza na Cuban Marimba mwaka Salum alipofariki amevuka themanini. Aliyekuwa mwanachama wa klabu, aliyekata tiketi mlangoni, aliyeshona sare, dereva aliyewapeleka Kilosa na Ifakara, kila mmoja ana kipande ambacho hakimo kwenye tepu. Mji huu una vyuo vikubwa viwili, Sokoine na Mzumbe, na kazi ya kuwahoji watu hao haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji uamuzi kwamba waliocheza ni sehemu ya watunzi. Kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika muziki unaorefushwa na kufupishwa na sakafu, mchezaji alikuwa anatunga pamoja na mpiga solo, na jina lake halikuandikwa kwenye sahani kwa sababu hakuna aliyefikiri kuliuliza. Historia ya dansi ya Morogoro iliyoandikwa kutokana na rekodi peke yake itakuwa historia ya nusu ya bendi.

Kwa hiyo swali la kama Morogoro ina albamu ya laivu lazima ligeuzwe. Ulaya na Marekani zilihitaji jina maalumu kwa rekodi ya jukwaani kwa sababu kwao studio ilikuwa imeshakuwa nyumba ya muziki, na kwenda ukumbini na mashine kulikuwa tukio la pekee. Morogoro ilikuwa kinyume. Ukumbi ndio ulikuwa nyumba, na studio ilikuwa safari ya siku moja ya kwenda Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na kurudi kabla ya Jumamosi. Kuziita rekodi hizo za studio kwa kuwa tu hazina makofi ni kuzihukumu kwa desturi ya watu wengine. Tukizisikiliza kama dondoo za dansi, ile mikato ya ghafla, mwendo unaopanda bila kutangaza, na solo inayoonekana kufifishwa ikiwa ndiyo kwanza inakolea, vinaacha kuwa kasoro na kuwa ushahidi wa muziki mrefu kuliko chombo kilichoubeba.